Milimita Nne Ambazo Sikukwambia, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikanyamaza kidogo, kama nilivyozoea kusimama mlangoni kwako nikingoja uitikie ndipo niendelee na maneno mengine. Leo naendelea bila kuitikiwa.

Ni mimi mkweo, mke wa Elia, mama yake Zawadi. Wewe unanijua, lakini barua hii nataka isomwe na wengine pia, wa karakana na wasio wa karakana, kwa hiyo najieleza kama mtu aliyefika ugenini. Shule niliishia kidato cha pili, nilipopata mimba ya Zawadi. Mwandiko wangu wewe mwenyewe ulikuwa ukiusifia. Makosa mengine mtanivumilia.

Nakumbuka ulivyonichukua kazini. Mama mkwe alikuwa ameshatuacha, Elia ameshaenda Manyoni kwenye gereji, nyumbani Unyambwa tumebaki mimi na wewe na mtoto. Nilikuwa uani napepeta uwele. Ulitoka, ukasimama mbali kidogo kama kawaida yako, ukaangalia pembeni.

"Mkwe, unajua kusoma rula?"

"Najua, Baba."

"Milimita unazijua?"

"Zile ndogo ndogo? Nazijua."

"Basi kesho mvishe mtoto vizuri. Twende."

Nilidhani nakwenda kufagia. Kumbe karakana yenu, mlimokuwa mkitengeneza mashine za kukamulia alizeti, ilikuwa kwenye msukosuko. Miaka mingi wewe ndiye uliyekuwa ukichora kila mashine inayotoka pale, mwanzo kwa penseli, baadaye kwa kompyuta, ile programu ya mistari. Unachora kitu kikitazamwa mbele, unakichora ubavu, unakichora kutoka juu, fundi anasoma anakata chuma. Sasa Meneja akawa ametangaza kwamba mistari basi. Wote muhamie programu mpya, ambayo ndani yake huchori mistari, unatengeneza kitu chenyewe, kizima, chenye unene na tumbo, unakigeuza unavyotaka. Vijana wako wawili, Godi na Shabani, walikuwa wakiita thriidii. Mwalimu alikuja kutoka Dodoma, akafundisha wiki mbili, akaondoka. Mkabaki watatu mnaangalia vioo vya kompyuta.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua kalipa, kile kipimo cha chuma chenye mdomo, nikapime kila kipande cha mashine iliyosimama uani, niandike kwenye daftari. Vijana wakishaunda kipande ndani ya kompyuta, wanisomee namba zao, nilinganishe na zangu. Ulimwambia Meneja, "Huyu ana jicho. Hakuna aliyesoma anayepima kama yeye." Nilisikia nikiwa nje ya mlango, nikajifanya namfunga Zawadi kamba ya kiatu.

Siku ya kwanza Godi aliniambia nikae kwenye kiti chako niione kompyuta. Nikabaki nimesimama.

"Kaa, shemeji. Mzee katoka."

"Sikai hapo."

"Kwani kina moto?"

Shabani akacheka. "Mwache, wewe. Mkwe hakalii kiti cha baba mkwe. Ila Mama Zawadi, kompyuta haina ukwe, ujue."

Wao wanacheka, mimi miguu inaniuma. Nilisimama siku tatu. Ya nne nikakuta benchi fupi limewekwa pembeni ya meza yako, na kioo kimegeuzwa kidogo ili nikione kutoka pale. Hukusema umelileta wewe, mimi sikusema asante. Hata kalipa tulikuwa hatupeani mkononi. Naiweka mezani, naondoa mkono, ndipo unaichukua. Nilipenda tulivyoishi vile, Baba. Wapo wanaoona ni mambo ya kizamani, lakini mimi baba yangu mzazi alikuwa mtu wa kupiga kelele, na heshima yako ya kimya kimya ilinifanya nijione mtu.

Ile programu ilikutesa. Ulikuwa ukishika mausi, kile kipande kwenye kioo kinapinduka, unakaa nyuma umekunja mikono. "Hiki kitu kinazunguka kama kichwa cha mlevi," ukasema siku moja. "Mimi nimezoea kuona mbele, ubavu na juu. Sasa naona vyote kwa pamoja, na sioni kitu."

Vijana hawakucheka. Walikuwa na haya ya kukufundisha, wewe uliyewafundisha wao kushika penseli. Wakitaka kukuonyesha jambo wanaonyeshana wenyewe kwa wenyewe kwa sauti kubwa ili usikie. Mimi nikawaza, nikaenda dukani nikanunua mche wa sabuni ya kufulia. Kwa kisu cha jikoni nikaanza kukata. Nilikata kile kipande kinachoshika beringi, nikachonga ngazi zake mbili, tundu nikatoboa kwa msumari nikalizungusha mpaka likapanuka. Nikaiweka sabuni mezani pako, nikaondoa mkono.

Uliichukua, ukaigeuza, ukaingiza kidole kwenye tundu.

"Ulichora kwanza?"

"Hapana, Baba. Nilianza na mche mzima. Halafu nikawa napunguza."

"Ukikosea?"

"Nabandika nyingine, naanza tena."

Ukaiangalia sabuni, ukaangalia kioo, ukaangalia sabuni. "Kumbe," ukasema. "Miaka yote hii nilikuwa nachora kivuli chake."

Godi akashindwa kujizuia. "Mzee! Yaani yule mwalimu wa Dodoma kala wali wetu wiki mbili, kumbe dawa ni sabuni?" Ukacheka mpaka ukavua miwani. Kuanzia siku hiyo kila kipande kilichowashinda nilikikata kwa sabuni kwanza. Meneja akipita anauliza hii ofisi ya michoro au ya kufulia. Na wewe ukaanza kuweza, Baba. Polepole, vidole vizito, lakini ukaweza.

Kuna siku nyingine nataka niiseme kwa sababu sasa naiona tofauti. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi na upepo wetu ule unaopiga kuanzia asubuhi. Ulikuja kazini na sweta umeligeuza, mishono iko nje. Siku nzima. Godi aliona, Shabani aliona, mimi niliona kabla hatujatoka nyumbani. Meneja aliona, maana alikutazama mara mbili. Hakuna aliyesema. Jioni Zawadi akapanda mapajani kwako, akavuta mshono, akasema, "Babu, umegeuza sweta! Babu mjinga!" Ukacheka naye, ukalivua ukalivaa vizuri. Mjukuu na babu wanataniana, yeye ana ruhusa. Sisi wote tuliokuwa pale tukaangalia chini kama tumeshikwa tunaiba.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mashine zenu za mwanzo kabisa, bamba la mbele, lile linalopokea msukumo wote wa parafujo inapokandamiza mbegu, lilikuwa na unene wa milimita kumi na mbili. Yalikuwa yakipasuka, ukaongeza hadi kumi na sita. Lakini kwenye kompyuta hukuchora upya. Ulifuta namba ukaandika namba. Mstari ukabaki palepale na ukumi na mbili wake, juu yake maandishi yako yanasema kumi na sita. Haikuwa siri wala ujanja. Kazi zilikuwa nyingi, na mafundi wote walikuwa na msemo: kwa Mzee Yona soma namba, usipime mstari. Miaka yote mambo yakaenda sawa.

Msimu wa alizeti ulipokaribia, michoro ilikuwa bado mingi. Ukawaambia vijana wasianze upya kila kitu, wachukue mistari ya zamani kama ilivyo, waiingize kwenye programu mpya, wainue unene wake iwe kitu kizima. Wakafanya hivyo. Kumbe ile programu haina habari na maandishi ya mtu. Inauchukua mstari.

Tulikuwa tunalinganisha. Godi anasoma, mimi natia alama. Meneja amesimama nyuma yetu na chai yake. Wewe uko kwenye kiti chako, hatua tatu kutoka kwangu.

"Bamba la mbele," Godi akasoma. "Unene, kumi na mbili."

Daftari langu lilisema kumi na sita. Nilikuwa nimelipima mwenyewe, mara mbili.

Nilifungua mdomo, Baba. Nakuapia. Ila mkwe hamwambii baba mkwe "umekosea" mbele za watu. Kwetu hata faraghani hamwambii. Neno la namna hiyo linapitia kwa mama mkwe, naye anajua alivike nguo gani mpaka likufikie bila kukuchoma. Mama alikuwa kaburini. Nikafunga mdomo. Nikaizungushia duara ile kumi na sita yangu, pembeni nikaandika "angalia hapa". Jioni nikaliweka daftari mezani pako, mbele kabisa, ulione.

Asubuhi Meneja alikuja kuchukua ruhusa ya kupeleka michoro kukatwa. Ukavuta daftari, ukasaini ukurasa wa mwisho bila kufungua kurasa za nyuma. "Kwa mkwe wangu," ukamwambia, "nasaini hata nikiwa nimefumba macho."

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Nilikuwa nimesimama karibu, mngenisikia wote. Lakini kusema kweli kabisa, safari ile haikuwa heshima iliyonizuia. Ilikuwa ile sifa. Hakuna mtu aliyewahi kusema neno kama lile juu yangu, nami nikataka likae hewani kidogo. Nikajiambia Godi ataona. Nikajiambia mafundi wataona.

Mashine ikakatwa, ikaunganishwa, ikapakwa rangi, ikaenda Sepuka kwa kikundi cha akina mama. Ilikamua siku chache. Halafu simu ikaja.

Tulienda wewe, Godi na mimi. Nilitamani tukute watu wanatukana. Hawakututukana. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge kifuani, alikuja mpaka mlangoni. "Shikamoo, Mzee. Poleni na safari. Kiti hiki hapa." Wakakuletea maji ya kunywa. Magunia ya alizeti yalikuwa yamepangwa mpaka nje, mengine yamefunikwa turubai. Ulipokwisha kunywa, yule mama akasema kwa upole, "Sasa Mzee, karibu ukaone ulichotuletea."

Bamba lilikuwa limepasuka kuanzia tundu la juu mpaka ukingoni, na parafujo imesogea mbele kama ulimi. Ulipitisha kidole gumba kwenye ufa. Nadhani ulijua hapohapo. Ukanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ukitaka kalipa. Kwa mara ya kwanza niliitia mkononi mwako moja kwa moja, maana pale hapakuwa na meza. Ukapima.

"Kumi na mbili," ukasema.

Godi akaangalia paa. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Tuliporudi uliniomba daftari. Uliketi ukafungua kurasa moja moja mpaka ukafika kwenye duara langu. Ulikaa nalo muda mrefu. Nilikuwa pale kwenye benchi, nasubiri uniulize, "Mkwe, uliona?" Ungeniuliza ningejibu. Ulifunga daftari ukasema, "Umeandika vizuri," ukavaa kofia yako ukaenda kusubiri usafiri.

Kwenye kikao Meneja aliuliza nani alihakiki. Daftari langu ulikuwa nalo. Ungelifungua pale mezani ukasema, huyu aliona akanyamaza. Au ungesema vijana waliinua mistari bila kusoma. Ulisimama, ukasema, "Sahihi ni yangu." Basi. Meneja akaongea maneno mazuri, umri, utumishi, mapumziko, na ikawa umestaafishwa. Wakakupigia makofi. Makofi yale, Baba, sitayasahau.

Ukarudi shambani. Ulikuwa unaamka mapema kama mtu wa kazini, unafuta miwani kwa kitambaa, halafu unaikunja unaiweka mfukoni kwa sababu jembe halihitaji miwani. Mimi waliniacha niendelee na kupima. Nikirudi jioni nakukuta umekaa nje. Hukuuliza habari za ofisini hata siku moja. Jumapili moja nilijikaza. Nilikuletea chai, nikaiweka, na badala ya kuondoka nikabaki nimesimama. Ukaniangalia usoni, jambo ambalo huwa hulifanyi.

"Sema," ukasema.

"Chai, Baba."

"Asante, mkwe."

Ulianguka kwenye palizi, presha. Elia alikukuta hospitali bado una joto, lakini ulikuwa umekwenda.

Nimeandika haya yote ili nikusimulie ya Ijumaa iliyopita. Ofisini sasa ni wengi, kuna vijana wapya wawili, na thriidii wanaichezea kama simu. Baada ya wewe kuondoka ikazuka tabia. Mtu akikosea kipimo, wenzake wanasema, "Umefanya ya Mzee Yona." Mwanzo walisema kwa siri, wakiniona wananyamaza. Ijumaa yule kijana mpya, ambaye hajui mimi ni nani, akamwambia mwenzake mbele yangu, "Angalia usije ukatuletea ya Mzee Yona hapa," wakacheka.

Nilisimama. Meneja alikuwa mlangoni.

"Mzee Yona ni baba mkwe wangu," nikasema. "Na lile bamba niliona mimi. Niliona ni kumi na mbili, niliandika kumi na sita, nikanyamaza. Mkitaka kulipatia kosa hilo jina, liiteni la Mama Zawadi."

Nikawaza nimejifukuza kazi, na Zawadi anaanza darasa la kwanza mwakani. Meneja akaweka kikombe chini.

Kisha Shabani, bila kuinua kichwa, akasema, "Hata mimi niliona."

Godi akamgeukia. "Uliona lini?"

"Nilipoliinua. Nilijua huwa ni kumi na sita. Nikasema, Mzee atakuwa amebadilisha, ana sababu zake."

Godi akakaa. Akajipangusa uso. "Basi na mimi nilivyokuwa nasoma nilihisi. Nikasema nani amuulize Mzee."

Na fundi wa kukata, aliyekuwa ameingia kuchukua michoro tu, akiwa na glavu zake mkononi, akasema, "Lile bamba nililikata mimi. Nilishika nikasema hili mbona jepesi. Nikasema mchoro wa Mzee Yona, mimi ni nani?"

Tukawa tunatazamana. Baba, ofisi nzima iliona. Ulizungukwa na watu wanaokuheshimu, kila mmoja akakuona unakwenda shimoni, kila mmoja akasogea pembeni kwa adabu akuache upite. Tulikuheshimu sana, hakuna kati yetu aliyekupenda kiasi cha kukuudhi.

Meneja hakunifukuza. Alisema maneno aliyotakiwa kusema siku ile ya makofi, nayo sitayaandika kwa sababu yamechelewa, na ni yake. Ila kuanzia Jumatatu tumeanza utaratibu mwingine. Kipande kikikamilika kinawekwa kwenye kioo kikubwa, kinazungushwa mbele ya wote, na kila mtu aseme anachokiona hakiko sawa. Anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote, mkubwa anasema mwisho. Godi ndiye aliyetoa wazo hilo. Siku ya kwanza yule kijana mpya alikaa kimya mpaka jasho likamtoka, halafu akamwambia Godi, "Kaka, samahani, hilo tundu liko upande siyo." Ni kweli lilikuwa upande siyo. Godi akasema, "Asante," ila alisema kama mtu anayemeza dawa. Nadhani tutajifunza. Nina matumaini hayo, ingawa kila tunapopona mahali nakumbuka nani angetakiwa kuwa hai aone.

Zawadi namfundisha kusalimia wakubwa, kutoka akiambiwa atoke, kupokea kwa mikono miwili. Hayo siyaachi, ndiyo malezi niliyoyakuta kwako. Lakini namfundisha na jingine, akiona mtu anakosea aseme, hata mtu huyo awe mimi. Juzi ameniambia wali wangu umeungua, mbele ya wageni. Niliona aibu, nikamshukuru.

Pumzika, Baba. Elia anakusalimia. Nami sasa nasema neno nililotakiwa kulisema nikiwa kwenye lile benchi, hatua tatu kutoka kwako, watu wakisikia:

Baba, umekosea. Bamba la mbele ni kumi na sita.

Nisamehe kwa kukwambia. Nisamehe zaidi kwa kuchelewa.

Mkweo,
Mama Zawadi